Jumanne ya Wexcombe

Theluji ilikuwa imefika kiunoni, lakini Hester Tranter, mjane wa miaka sitini na mitatu, aliipakia jibini yake juu ya mlango alioung'oa kwenye banda la kuku, akaiburuta kutoka mlimani hadi uwanja wa soko. Kichwa kigumu? Ndiyo, na heri kichwa hicho. Kwa miaka mia saba Wexcombe ilikuwa na soko kila Jumanne, kwa hati ya mfalme, na sharti lilikuwa moja: kabla ya kengele ya saa sita mchana lazima kitu kiuzwe. Jumanne moja ikipita bure, mji mwingine unaweza kuidai siku hiyo. Morbrook, maili saba nyuma ya kilima, walikuwa wakiimezea mate tangu enzi za mababu zao.

Uwanjani alimkuta mpiga kengele peke yake, mzee Amos Guddery.

"Muuzaji umefika, mama. Mnunuzi yuko wapi?"

"Si wewe hapo?"

"Mpiga kengele hanunui kabla ya kengele. Unajua mila."

"Basi kagonge milango, mzee, usinisimamie kama mlingoti!"

"Nimegonga. Theluji imewafungia ndani. Wananijibu madirishani."

Zilibaki dakika kumi alipotokea kijana anayechechemea: Lionel Peach, karani wa Morbrook, aliyetumwa kushuhudia soko likifa. Macho yake yalitua kwenye jibini.

"Nionjeshe kidogo, mama. Sijala tangu jana."

Hester alimhurumia kweli. Mkono ulishika kisu, kisha ukasita.

"Hapa ni sokoni, mwanangu. Hatugawi, tunauza."

Peach alielewa mtego huo mara moja. Aliutazama ule mlango, akaufuata kwa macho mburuzo wake kwenye theluji hadi juu mlimani.

"Umeburuta hiyo peke yako?"

"Nani mwingine? Kuku?"

"Kwetu wasingetoka hata nyumba ikiungua," alisema, akatoa shilingi mfukoni. "Nikatie."

Saa sita ilipotimia, Amos alikimbilia kamba ya kengele kama kijana wa miaka ishirini. Kengele ililia, madirisha yakafunguka pande zote, watu wakashangilia, na Hester akalia bila kuona haya.

"Watakuuliza ulichokiona," alimwambia Peach.

"Nitawaambia nimelikuta soko," alijibu, mdomo umejaa. "Limefurika."