Dirisha Lililozibwa kwa Gunia

Mimi ndiye niliyeziba dirisha lile kwa gunia, kwa hivyo nisimlaumu mtu. Mvua ya El Nino ilikuwa ikitupiga hapa Kiptere tangu Oktoba, na Kiplimo, mtoto wa ndugu yangu, alizaliwa katikati yake. Mimi shangazi yake nikasema baridi isimguse. Nyumba ikawa giza mchana kutwa. Mama yake, Lenah, alipokwenda kuchuma majani chai, alimbeba mgongoni chini ya shali na nailoni ya kukinga mvua, hata pua haionekani.

Miezi mitatu ikaisha na Kiplimo hakuwa akimfuata mtu yeyote kwa macho. Unampita, yeye anatazama palepale. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba haoni, nami nikawafokea hadi sauti ikakauka, kwa sababu niliogopa kwamba wanasema kweli.

Siku ya kliniki, nesi Bilhah alimpitishia kidole mbele ya macho mara mbili, akakunja uso.

"Huyu mtoto munamkalisha wapi?"

"Kwa nyumba," nikasema.

"Mumtoe nje aone mwanga. Mumuonyeshe vitu iko na rangi kali, nyeusi na nyeupe. Weka uso yako karibu, ongea na yeye. Mukirudi wiki ijayo na bado hafuati, nitawaandikia barua ya daktari wa macho."

Lenah hakugusa chakula siku hiyo. Mimi nililing'oa lile gunia kabla sijavua viatu.

Tukahamia nje kila mvua ilipopumzika. Nilichora mistari ya makaa kwenye mfuko mweupe wa unga, nikautikisa mbele yake mpaka mkono ukauma. Siku ya kwanza, wapi! Siku ya tatu aliukodolea macho, lakini nikiusogeza anabaki nyuma. Nikautupa, nikamwambia Lenah nimechoka kucheza na karatasi. Uongo mtupu. Nilitaka kulia.

Siku ya sita, Lenah alikuwa ametoka tu shambani, amempakata Kiplimo kwenye nyasi, ng'ombe wetu wa gredi alipokata kamba. Akaja, madoa meusi juu ya ngozi nyeupe, akawapita hatua mbili tu akielekea kwenye nepia, yale majani marefu tuliyompandia. Nikafungua mdomo nimfukuze. Nikaufunga.

Macho ya Kiplimo yalikuwa yamenasa kwenye doa la begani. Ng'ombe akasogea, macho yakasogea. Ng'ombe akasimama kung'ata nyasi, yakasimama. Akaendelea tena, na safari hii kichwa chote kikageuka kumfuata.

"Lenah! Anaangalia! Wewe, si uone, anaangalia!"

Nilirukaruka kama msichana, na miaka yangu hamsini. Ng'ombe akashtuka akakimbilia nepia. Shauri yake, aimalize yote!

Lenah alimgeuza mtoto, akamwinua karibu na uso wake. Kiplimo akamtazama kwenye paji, akashuka polepole hadi machoni, akatulia hapo. Mashavu ya Lenah yalikuwa yamejaa tope na machozi. Ghafla akanisukumia mtoto mikononi, akakimbilia ndoo ya maji.

"Nishikie kidogo, Mama Chelimo," akasema. "Wacha nioshe uso. Ndio mara yake ya kwanza kuniona."