Mume Wangu Kombora

Mume wangu alikuwa kombora kwa miaka kumi na tisa. Sisemi mafumbo. Kwenye kitambulisho chake cha kazi, chini ya picha, paliandikwa: KOMBORA, DARAJA LA PILI. Na ukimwona mwenyewe utacheka: mwembamba, mpole, anavaa sweta hata jua likiwaka, na akikuta siafu wamepanga mstari njiani anazunguka ili asiwakatishe safari. Mama yangu alipoambiwa kwamba mkwewe ameajiriwa kuwa kombora, aliuliza kama kazi hiyo ina pensheni. Nikamwambia ipo. Akasema basi, bora uhai.

Kiwanda chetu kinatengeneza mitambo ya kurushia chambo. Manowari ikifuatwa na kombora, mtambo ulio sitahani unafyatua makopo angani, makopo yanapasuka na kumwaga maelfu ya vipande vya karatasi ya kung'aa, na kombora likitazama kwa rada yake linaona meli mbili: moja ya chuma yenye watu, nyingine ya karatasi tupu. Likidanganyika na kufuata karatasi, watu wamepona. Karatasi hizo nilikuwa nazikata mimi, ukumbi namba tatu, nimevaa glavu na kitambaa puani, saa nane kwa siku. Tukienda kazini asubuhi tulitaniana kwamba mimi nakata uongo, yeye anauamini, na nyumba inasimama.

Sasa, kanuni ya ukaguzi iliandikwa zamani na kamati ambayo wajumbe wake wote wameshafariki. Ilisema kila mtambo ujaribiwe dhidi ya kombora kabla ya kuuzwa. Kombora la kweli ni ghali, na likishatumika halirudi kazini kesho yake. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba mtu akikaa mbele ya skrini ileile ambayo kombora lingeitazama, akachagua nukta moja kati ya mbili, mtu huyo ni kombora kwa mujibu wa sheria. Nafasi ikatangazwa. Mume wangu alikuwa fundi saa asiye na wateja. Akaomba, akapata.

Kazi yenyewe ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kiti cha kuzunguka, skrini ya kijani na vitufe viwili. Nje baharini mashua chakavu ya kampuni inafyatua makopo. Akibonyeza nukta ya chambo, taa ya kijani inawaka na wahandisi wanakumbatiana. Akibonyeza nukta ya meli, taa nyekundu ndiyo ingewaka, lakini haikuwahi. Fundi umeme aliibadilisha kila mwaka kwa sababu ya kutu tu.

Mkuu wa Mauzo alimpenda kuliko mama yake mzazi. Alikuwa mtu wa meno mengi na tai fupi, na alikuwa na usemi wake kwamba soko la chambo halijui njaa: amani ikiwepo watu wanaogopa vita, vita ikija wanaogopa zaidi. Kwenye brosha aliweka picha ya mume wangu akiwa ametumbua macho, na chini yake maandishi makubwa: HUYU AMEDANGANYIKA MARA MIA SITA NA KUMI NA MBILI, BILA KUKOSA. Brosha hiyo ilizunguka maonyesho ya silaha dunia nzima. Kampuni moja shindani ilijaribu kumnunua kwa mshahara mara mbili na gari, ikisema kombora lao lilikuwa limeanza kujanjaruka. Mume wangu akakataa kwa sababu gari lilimtia wasiwasi.

Mimi nilijivuna. Wako wanaume wanaoshinda kijiweni wakidanganyika bure, wangu alilipwa.

Mtoto tunaye mmoja tu, binti, tuliyempata baada ya kusubiri miaka kumi na mmoja. Baba yake alimwita Tunu siku aliyozaliwa, na jina la kwenye cheti likasahaulika. Alipomaliza shule akajiunga na wanamaji, akatia saini miaka sita, na tukapiga vigelegele kama wazazi wengine. Kisha Jumatatu moja Mkuu wa Mauzo akapita kila ukumbi akitangaza kwamba wanamaji wetu wenyewe, kwa mara ya kwanza, watanunua mtambo wetu mpya. Ujumbe wao unakuja Jumatano kuona jaribio. Akataja na manowari itakayofungwa mtambo huo. Ilikuwa meli ya Tunu.

Jioni nilipika vizuri. Mume wangu hakugusa chakula. Alikaa akizungusha kijiko, nami nikamwambia mtu akipata habari njema hula, akipata mbaya hula pia maana atahitaji nguvu, sasa yeye kapata ipi. Akaweka kijiko chini.

"Sijawahi kudanganyika," akasema.

Nilidhani anazungumzia wiki hiyo.

"Hata siku moja, Mama Tunu. Zile nukta mbili hazifanani. Meli ya kweli ni nzito, wimbi likija inachelewa kupanda, na kushuka inachelewa. Ile ya karatasi inarukaruka tu. Fundi saa yeyote angeona."

Nikamuuliza, sasa zile mara mia sita na kumi na mbili zilikuwa nini. Akanieleza. Siku ya kwanza kabisa alikuwa na kidole juu ya kitufe cha meli, tayari kubonyeza, ndipo akasikia mtu anahema nyuma yake. Alikuwa mhandisi mzee aliyeujenga mtambo wa siku ile kwa miaka sita, na wiki mbili kabla alikuwa amemzika mkewe. Mume wangu akasogeza kidole. Taa ya kijani ikawaka, mzee akalia kama mtoto, akambusu kichwani. Mara ya pili kulikuwa na mhandisi mwingine aliyekuwa anataka kuoa. Mara ya tatu ilikuwa karibu na sikukuu. Baada ya hapo ikawa kazi.

Nilikasirika, na kwa kweli sikukasirikia jambo nililopaswa kulikasirikia. Nilimuuliza kama karatasi zangu, miaka yote hiyo, vidole vimeota sugu, hazikumdanganya hata mara moja. Akasema zilikuwa zimekatwa vizuri sana. Nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikaondoa sahani kwa kelele, nikaziosha kwa kelele, na katikati ya kuosha ndipo akili ikanirudia kwa Tunu, nikaacha sahani majini.

Nikamuuliza kuhusu zile meli nyingine zote, za nchi za watu. Akasema hakuna iliyowahi kurushiwa kombora, wateja wetu wamekuwa na bahati ya kutochukiwa na mtu. Anajua kwa sababu kila asubuhi kabla ya chai anasoma gazeti lote akitafuta. Na mimi nilidhani ni mpenzi wa habari. Niliona aibu, maana katika zile meli nako kulikuwa na kina Tunu wa watu, nami sikuwahi kuwawaza nikiwa na mkasi mkononi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Tulihesabu pia watu mia nne wanaokula kupitia kiwanda kile, mmoja wao mimi. Akaniomba nifikirie vizuri.

"Nimeshafikiri," nikamwambia. "Jumatano bonyeza meli. Kiwanda kikifa watajenga kingine. Tunu tulimsubiri miaka kumi na mmoja."

Jumatano wakataji tulipangwa kwenye chumba cha jaribio tukiwa na makoti safi, kazi yetu kupiga makofi. Wageni walikuwa watatu: Kamanda wa wanamaji mwenye nishani hadi karibu na mkanda, Ofisa Manunuzi mwenye faili, na kijana wa kubeba kofia ya Kamanda. Mkuu wa Mauzo akawatambulisha kwa Kombora. Kamanda akamshika mkono kwa heshima, akasema amemsoma kwenye brosha na hakutegemea kama ana sweta.

Baharini makopo yakapasuka. Kwenye skrini nukta mbili zikatokea. Nikaona sikio la mume wangu limekuwa jekundu. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Taa nyekundu ikawaka. Ikatoka na sauti pia, mlio ambao hakuna aliyejua kama upo, na mhandisi mmoja akakaa sakafuni.

Mume wangu akasimama, akageuka. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti kubwa vile, hata siku ya harusi yetu.

"Waheshimiwa, ile niliyobonyeza ni meli. Sijadanganyika. Leo sijadanganyika, na miaka yote kumi na tisa sijadanganyika. Nilikuwa nawaonea wahandisi huruma. Msiununue mtambo huu, una watoto wa watu nyuma yake."

Nilijua tumekwisha, na nilifurahi. Nikamtazama Mkuu wa Mauzo. Meno yalikuwa yamepotea. Alimeza mate mara moja, mara mbili, kisha yakarudi yote kwa pamoja.

"Waheshimiwa," akasema taratibu, "mmejionea wenyewe. Mitambo ya zamani ilimdanganya, na yeye alijua amedanganyika. Huu mpya umemdanganya mpaka anaamini hajadanganyika."

Kamanda akamtazama mume wangu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama daraja kubwa. Ofisa Manunuzi, ambaye naamini alikuwa mtu makini, akauliza kuhusu taa nyekundu. Mkuu wa Mauzo akasema kwa masikitiko kwamba taa nayo ni kifaa kama vifaa vingine, imedanganyika. Ofisa akafungua faili.

"Aliyedanganyika kabisa atasema nini?"

"Atasema hajadanganyika."

"Na asiyedanganyika?"

"Atasema vilevile."

Ofisa akaandika, akasoma alichoandika, akatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo hakuna tofauti, akasema, na akauliza pa kutia saini.

Mimi nikatoka kwenye mstari. Nikawaambia karatasi zile nazikata kwa mkono wangu, mume wangu nimelala naye kitanda kimoja miaka thelathini, na anachosema ni kweli tupu. Kamanda akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza kama karatasi zinakatwa na mama huyu huyu, akaambiwa ndiyo, akanipongeza kwa kazi safi iliyomchanganya hata mwenye nyumba. Wenzangu wakapiga makofi, maana ndilo walilopangiwa. Badala ya mtambo mmoja wakanunua mitatu.

Mume wangu hakufukuzwa. Angefukuzwa ningeshukuru. Alipandishwa akawa KOMBORA, DARAJA LA KWANZA, akapewa sweta mpya yenye nembo ya kampuni. Akaandika barua tatu kwa makao makuu ya wanamaji, kwa mwandiko wake mdogo wa fundi saa, na michoro ya jinsi meli inavyochelewa kupanda wimbi. Zikajibiwa zote, kwa shukrani. Barua ya tatu tuliikuta imechapwa kwenye brosha mpya kama ushahidi wa mteja. Akaacha kazi siku hiyo hiyo, na pensheni ikaenda na maji, na sikumsema hata neno.

Jumapili moja mchana Tunu akapiga simu ya video kutoka melini. Tulikuwa tumeisubiri wiki nzima. Nikaegemeza simu kwenye birika, tukabanana ili tuonekane wote wawili. Akatuambia mtambo wetu umeshafungwa, uko juu kabisa ya chumba anacholala, na kila akiuona anatukumbuka.

Baba yake akamweleza yote. Hakuficha kitu, kuanzia yule mhandisi mzee hadi sahihi ya Ofisa. Akamwomba arudi nyumbani. Tunu akasikiliza huku akivuta uzi uliochomoza kwenye ukosi wa sare yake. Tulijua sote watatu kwamba kuondoka kabla ya miaka sita ni jela, na kwamba ilikuwa imebaki miaka minne na ushee, na manowari ilikuwa inaondoka Alhamisi kwenda kulikokuwa kunatajwa redioni.

Alipoinua uso alikuwa anatabasamu.

"Baba, mbona unajisumbua? Kapteni ametuhakikishia, mtambo ule haushindwi. Na huko tunakokwenda kumetulia kabisa, ni matembezi tu. Mimi wala siogopi."

Mimi ni mama yake. Nilimwona anaogopa, alikuwa anaogopa hadi kwenye kope, na kama mimi nisiyejua kutazama nukta niliona, basi baba yake aliyekuwa kando yangu aliona mara kumi. Nilimsikia akihema. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, kidole kimoja kimenyooka.

"Unaniamini, baba?"

"Nakuamini, mwanangu," akasema mume wangu. "Umenitoa wasiwasi kabisa."

Tunu akashusha pumzi, akageuza simu, akaanza kutuonyesha kitanda chake.