Tiki Mbele ya Jina la Onen

Olal alipanda ngazi za ofisi ya kompyuta ya Kyebando akiwa bado amevaa sare yake ya ulinzi, kofia mkononi, na kabla hajaketi akasema, "Mimi ndiye yule marehemu."

Lamwaka akamsogezea kiti. Nyuma ya Olal aliingia Mama Filda, katibu wa chama, akihema kwa sababu ya ngazi. Aliweka mkoba wake sakafuni, akakaa, akajipepea kwa ncha ya kitenge.

"Mwambie ulichokikuta nyumbani," alisema.

"Natoka zamu asubuhi, simu imezima tangu jana mchana," Olal akaanza. "Nafika kwangu nakuta turubai imefungwa. Viti vimepangwa. Wamama wamekaa kwa mikeka, moto unawaka, sufuria ya maharagwe iko juu. Nauliza, banange, jamani, nani amekufa? Shangazi yangu akageuka. Kuniona tu, mwiko ukaanguka."

"Halafu?" akauliza Mumbere, aliyekuwa amekaa meza ya pili.

"Halafu nini? Mtu umekesha getini usiku mzima. Nilikula."

Mumbere alicheka, kisha akakumbuka kwamba ukurasa uliomuua Olal ulikuwa wa ofisi yao, akarudi kwenye kibodi yake.

Chama chenyewe kilikuwa cha familia za askari na polisi kutoka kaskazini wanaoishi Kampala. Kazi yake kubwa ni moja. Mwenzao akifia mjini, arudishwe akazikwe kwao, na watu wajue mapema ili gari lisiondoke bila wao. Okullo, kaka yake Lamwaka, ndiye aliyewatengenezea ukurasa wa mtandaoni. Majina ya wanachama yamepangwa kwa alfabeti, na kila jina lina kisanduku chake pembeni. Mwanachama akifariki, kisanduku chake kinatiwa tiki, jina linageuka la kijivu, na ujumbe unatoka wenyewe kwenda kwenye simu za wote. Jina halifutwi kamwe. Na katibu haweki tiki. Tangu siku ya kwanza wazee walisema kidole kiwe cha ndugu wa damu. Katibu kazi yake ni kufungua ukurasa na kukaa kando.

Jana alasiri binti ya mzee Onen aliweka tiki mbele ya jina la baba yake. Ujumbe uliotoka ulimtaja Olal.

"Mtoto wa watu amefiwa, halafu anapigiwa simu anaulizwa kwa nini ameua jirani," Mama Filda alisema. "Mwanangu Lamwaka, nisikufiche. Kamati inakaa leo jioni. Wanataka ukurasa ufungwe, turudi kwa kupigiana simu. Nimewaambia wangoje nije kwako kwanza. Siwezi kuwaambia wangoje tena."

Lamwaka aliijua habari ya kupigiana simu. Baba yao alipofariki kambini, kila mtu alidhani mwingine ameshampigia Obita, mdogo wa baba huyo, aliyekuwa akiuza samaki Ggaba. Obita alikuja kumtembelea kaka yake kama kawaida, kafungia sangara kwenye gazeti, akakuta mlango umetiwa kufuli na gari limeshaondoka tangu jana yake. Okullo alikuwa bado mwanafunzi. Alipojifunza kazi ya kompyuta, ukurasa ule ndio ulikuwa wa kwanza kuutengeneza bila kuombwa na mtu.

Sasa Okullo mwenyewe alikuwa amezikwa kwao Kitgum, wakati wa mvua za kwanza. Kazi zake nyingine wateja walikuwa wamezibadilisha moja baada ya nyingine, kama watu wanavyobadilisha mabati. Ukurasa wa chama tu ndio uliobaki unafunguliwa na kutumika. Ukifungwa jioni ile, hapatakuwa tena na kitu cha Okullo kinachofanya kazi popote.

Lamwaka aliwasha kompyuta.

Kwanza alizima utumaji, ili ujumbe uishie kwenye kioo cha kompyuta bila kwenda kwa mtu. Kisha akaanza kujaribu visanduku kutoka juu.

"Usinibonyeze mimi!" Mama Filda akadakia alipoona mshale unakaribia jina lake.

"Haiendi popote, mama. Inaonekana hapa tu."

"Hata hapa tu."

Akamruka. Akabonyeza Lakica, ujumbe ukamtaja Lakica. Akabonyeza jina lake mwenyewe, akajisoma kuwa amekufa, akaondoa tiki. Obita, sawa. Ocaya, sawa. Ocira, sawa. Hapo akashuka hadi mwisho wa orodha aanzie chini. Akabonyeza Oyet.

Ujumbe ukasema Onen.

Akabonyeza Onen. Ukasema Olal, kama jana.

"Kila mmoja anamtaja aliye juu yake," Lamwaka alisema. "Lakini ni hawa wa chini tu. Ndiyo maana hatukujua. Waliokufa tangu mwaka uanze wote ni wa juu." Aligeuka. "Mumbere, unaona?"

Mumbere alikuwa ameinama juu ya kibodi yake. "Naona, yaya," alijibu, akimwita dada kwa neno la kwao, ila hakuinua kichwa.

"Haya, nibonyeze na mimi," Olal akasema. "Nimeshazoea."

Lamwaka akabonyeza kisanduku cha Olal. Maandishi yakatokea.

*Ndugu zetu, mwenzetu Okullo ametutangulia.*

Chini barabarani boda-boda mbili zilikuwa zikigombania abiria, na sauti zao zilisikika vizuri kabisa. Lamwaka aliitazama orodha. Ocira, kisha Olal. Baina yao, mahali Okullo alipostahili kuwa, hapakuwa na kitu.

"Mlimtoa lini?" akauliza.

"Sisi hatutoi mtu," Mama Filda alisema. "Unajua hatutoi. Nilipoona hayupo nilidhani ni wewe. Nikasema, ni dada yake, ana haki, nisimuulize."

"Mimi nilidhani ni nyinyi."

Mumbere akasimama. Alikuwa kijana mrefu kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyeingia Kampala na mama yake na godoro moja, na Okullo ndiye aliyemfundisha kazi.

"Ni mimi, yaya," alisema. "Ile wiki uliyorudi kutoka mazishini, ulifungua huu ukurasa ukakaa nao. Chai ikapoa. Nikakupa nyingine, na yenyewe ikapoa. Basi nikaandika mstari mmoja: chora wote isipokuwa yeye. Sikumfuta. Yuko kule nyuma. Nilimficha tu usikutane naye kila asubuhi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Lamwaka aliufikiria mstari ule, na kosa likajieleza lenyewe. Orodha zilikuwa mbili. Moja imehifadhiwa nyuma, ndiyo yenye ukweli. Nyingine ni picha yake, ile inayoonekana machoni. Okullo alikuwa amefunga kila kisanduku kwa jina lake kwa kuhesabu nafasi: ukibonyeza wa tisa kwenye picha, programu inakwenda kumtafuta wa tisa nyuma. Maadamu orodha zote mbili zilikuwa na watu walewale, kuhesabu kulitosha. Mumbere alipomwondoa mtu mmoja kwenye picha, wote waliokuwa chini yake walipanda nafasi moja. Kule nyuma hakuna aliyesogea. Okullo alikuwa bado amekaa mahali pake, na Onen alipobonyezwa aliangukia kwa Olal.

"Nielezeni na sisi," Mama Filda alisema.

"Ni kama gwaride, mama," Olal akamjibu kabla ya Lamwaka. "Afande anaita watu kwa namba ya mstari. Mmoja ametoka, wengine wamesogea, afande hajui. Anaita namba ile ile, anajibu mwingine."

"Ndivyo," Lamwaka akasema.

Alimwomba Mumbere amwonyeshe mstari wake. Ulikuwa mfupi, umeandikwa vizuri. Akaufuta. Mumbere akasema hiyo peke yake inatosha, tatizo limekwisha.

"Inatosha leo," Lamwaka alisema. "Kesho kutwa kuna mwingine atamwonea mtu huruma."

Kwa hiyo akaendelea. Alivifungua visanduku vyote kutoka kwenye nafasi, akavifunga upya kwa namba ya uanachama, ile ambayo mtu hupewa siku anayoandikishwa na haibadiliki hata orodha ikipangwa vipi. Haikuwa kazi ndefu. Mara mbili alikutana na maelezo ambayo Okullo alijiandikia katikati ya programu, kama alivyozoea. Ya pili yalisema: *hapa parekebishwe nikipata nafasi.* Lamwaka aliparekebisha, akaliacha neno la kaka yake lilivyo.

Mama Filda wakati huo alikuwa amesinzia kidogo. Olal alimtuma Mumbere chapati na mayai kule chini, wakala wote wawili wamesimama dirishani.

Lamwaka alipowaita, walikuja kusimama nyuma yake. Oyet akamtaja Oyet. Onen akamtaja Onen. Olal akamtaja Olal.

"Nimekufa tena," Olal alisema. "Lakini sasa ni kifo cha halali."

Na baina ya Ocira na Olal palikuwa na jina la Okullo, jeusi kama majina ya watu walio hai.

Mama Filda aliliona. Alitoa simu, akampigia binti ya Onen, akaweka sauti ya wazi. Akamweleza kwamba ukurasa umepona, aje abonyeze kisanduku cha baba yake, gari liko tayari na watu bado hawajapata habari iliyonyooka.

"Hapana, mama," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelia hadi ikakauka. "Mimi sibonyezi tena. Mnaniambia imepona, jana pia mliniambia ni nzuri. Itoke kwanza kwa simu yangu, na jina la mtu aliyekufa kweli. Nikiona hiyo, nitakuja."

Simu ikakatika.

"Nitumieni mimi," Olal akasema. "Turubai bado iko."

"Wewe nyamaza. Shangazi yako hana nguvu za kuangusha mwiko mara ya pili," Mama Filda akamjibu.

"Wengine waliofariki, wote wana tiki?" Mumbere akauliza.

"Wote," Mama Filda alijibu, akainama kupanga vitu ndani ya mkoba ambavyo havikuhitaji kupangwa. Alipangua, akapanga tena.

Lamwaka alielewa. Alipokufa Okullo, habari ilikwenda kwa simu, maana aliyekuwa akiushughulikia ukurasa ndiye aliyekuwa amelala kwenye jeneza. Baada ya hapo, kisanduku chake kilibaki kitupu.

"Mmeningoja muda wote huu," alisema.

"Kidole ni chako, mwanangu. Ningefanya nini?"

Lamwaka akarudisha utumaji. Mumbere akauliza kama atoke nje.

"Kaa."

Akapeleka mshale kwenye kisanduku. Alikuwa amebonyeza visanduku vingi siku ile, na hiki hakikuwa na tofauti. Kilikubali kwa mlio ule ule mdogo. Jina likageuka kijivu.

Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha simu ya Mumbere, iliyounganishwa kwa ajili ya kazi, ikatetemeka juu ya meza, ya Olal ikalia mfukoni, ya Mama Filda ndani ya mkoba. Ya Lamwaka ilikuwa ya mwisho. Olal alivuta simu yake mbali na macho, akasoma polepole, kwa sauti.

"Ndugu zetu, mwenzetu Okullo ametutangulia. Huu ndio wito. Usingoje mtu akupigie simu."

Yalikuwa maneno ya Okullo mwenyewe, aliyoyaandika siku alipotengeneza ukurasa, akaacha nafasi ya jina. Olal alirudisha simu mfukoni. Kofia yake ilikuwa mkononi tangu alipoingia. Aliishika kwa mikono miwili.

Binti ya Onen alipiga. "Imefika. Inasema Okullo. Ni Okullo wa Lamwaka?"

"Ndiye."

"Mwambieni pole. Nakuja."

Mama Filda alimpigia mwenyekiti wa kamati palepale, akamwambia kwamba ukurasa unabaki, na kama ana neno aje alisemee Kyebando. Alikuwa bado anazungumza wakati simu ya Lamwaka ilipolia. Alikuwa Obita, baba yake mdogo.

"Mwanangu, nimepata ujumbe," alisema. Nyuma yake zilisikika kelele za soko la Ggaba, mtu anaita bei, mashine ya boti inagoma kuwaka. "Nimeshawafunika samaki. Nije wapi?"

Obita alikuwepo Kitgum. Alikuwa ametupa udongo kaburini kwa mkono wake, na baadaye alikaa na Lamwaka kwenye mkeka mmoja mpaka watu wakaanza kuondoka. Lamwaka alifungua kinywa amweleze kwamba ilikuwa majaribio, kwamba programu ilikuwa na hitilafu na sasa imerekebishwa, kwamba arudi kwenye samaki wake.

"Njoo ofisini, baba," alisema.

Obita alifika wakati binti ya Onen ameshabonyeza kisanduku cha baba yake na simu za watu wote zimelia tena kwa jina lililo sahihi. Alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni akiwatazama mmoja mmoja, na gazeti lililofungiwa sangara likiwa kwapani.