Boti ya Sauda Mollo

Mimi si mtu wa kusifia ndugu zangu. Mtaa mzima wa Majengo wanajua, pale dukani kwetu mdomo wangu ni wa kugomba tu. Lakini Sauda, mdogo wangu, huyu lazima nimseme.

Alinunua boti kuukuu kule Kasanga ili abebe abiria ziwani. Watu wakamcheka, mwanamke wa dukani na boti wapi na wapi! Fundi Oswaldi akakubali kuitengeneza, ila kwake Mollo, huku juu mlimani, maana mguu wake mbovu hauwezi kushuka mlima. Basi nikaipandisha kwa lori langu hadi uwanjani kwake.

Mbao akazimaliza vizuri. Ikabaki kukwangua rangi ya zamani ya chini ya boti, ile nyekundu yenye sumu ya kuzuia konokono na majani ya maji yasing'ang'anie, kisha kupaka mpya. Nikamwambia Sauda, "Kesho asubuhi naishusha ziwani. Baada ya hapo lori ni la kubeba mahindi ya watu wa Msanzi. Ukichelewa, boti italala hapa msimu mzima, na abiria wako watapanda za wenzako."

Tukajifunga vitambaa puani, tukawasha grenda, mashine ya kukwangulia. Kazi ikaenda mbio, mavumbi mekundu yakapaa. Ghafla Sauda akazima.

"Nini tena?"

"Ulezi wa mama Dominika."

Jirani huyo wa Oswaldi alikuwa ameanika ulezi kwenye turubai, na upepo ulikuwa unaelekea kwake.

"Ebo! Vumbi tu hilo, ataupepeta!" nikafoka.

"Kaka, hii ni sumu. Na ule ni uji wa wajukuu zake."

Akaenda mwenyewe. "Shikamoo mama. Nimekuharibia ulezi. Vumbi letu lina sumu, usiwape watoto."

"Yesu na Maria! Ulezi wangu!" Mama Dominika alimsema mpaka nikaona aibu mimi. Alipoachwa apumue, Sauda akaenda dukani kwetu, akamletea gunia la ulezi safi.

Aliporudi, grenda akaiweka kando. Akatandika turubai chini ya boti, akalowesha mbao kwa maji ili rangi isiruke, akaanza kukwangua kwa mkono. Yarabi, kazi ya kobe! Nikashika skrepa na mimi, nagomba huku nakwangua.

Asubuhi nilipofika na lori, nusu ya boti ilikuwa bado nyekundu. Viganja vya Sauda vilikuwa vimechubuka.

"Ngoja niwapigie simu Msanzi wanisubiri," nikasema.

"Hapana kaka. Umeshawaahidi watu. Nenda." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni, akalowesha ubao mwingine.

Nikaenda. Nilimwonea uchungu njia nzima, na wallahi nilimwonea fahari zaidi kuliko uchungu. Msanzi kila mtu aliniuliza, ile boti imeshafika ziwani? Nikawajibu, bado iko Mollo, na mwenye boti ni mdogo wangu.