Mtani Niliyemkana

Nilimkana Perpetue Toe siku ya Jumanne, mwezi wa Novemba, katika ofisi yenye kiti cha kijani na boksi la tishu mezani. Hakuna aliyenilazimisha. Niliulizwa taratibu, kwa sauti ya upole, nami nikajibu kama mtu asiye na kwao.

Kisa kilianzia kantini ya chuo, huko Lyon, Ufaransa. Mimi ni Mmosi wa Yako, nilikuwa nasomea habari za maji yaliyo chini ya ardhi. Perpetue ni Msamo wa Toma, alikuwa anasomea ufamasia. Burkina nzima inajua kwamba Mmosi na Msamo wakikutana lazima watukanane. Utani wenyewe tumeukuta. Wengine husema babu zetu waligombea kichwa cha mbwa, wengine husema hata hicho kichwa hakikuwepo. Kila upande unadai upande wa pili ni watumwa wake, na mtu asiyetukanwa na mtani wake ajue amesusiwa.

Basi siku hiyo nimepanga foleni na trei yangu, Perpetue akaniona kutoka mlangoni. Akapaza sauti, tena kwa Kifaransa: "Huyu mtumwa wangu nani kamfungulia? Na uma kapewa na nani? Kwao hawa wanaramba sahani."

Nyumbani ningemjibu kwa tusi kubwa zaidi, tukacheka, tukala pamoja. Lakini siku hiyo nilikuwa na Clémence na wenzake wa darasani, watu niliohangaika miezi mitatu ili wanikaribishe kwenye meza yao. Clémence aliiva uso hadi masikioni. Nami, badala ya kujibu, nikainamia wali wangu.

Clémence hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alikwenda kwa huruma yake kumweleza mama anayeshughulikia wanafunzi wanaoonewa. Yule mama akaniita, akanisogezea tishu kabla sijasema neno, akauliza kama yule msichana ananisumbua. Ningeweza kueleza. Maneno yalikuwepo, ila niliona haya kuonekana mshamba anayetukanana na watu kantini halafu anaita hiyo mila. Nikasema ndiyo, ananisumbua. Perpetue akaitwa, akatia sahihi karatasi kwamba hatanitolea tena lugha ya matusi.

Tangu hapo akawa na adabu. Tukikutana kwenye tramu ananisalimia: "Habari za asubuhi, Bwana Sawadogo." Kisha anatazama dirishani. Nimetukanwa sana maishani mwangu, lakini hakuna tusi lililowahi kunichoma kama adabu ile.

Baba yangu, mzee Salifu, mchimba visima, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Kabla ya salamu huuliza yule mtumwa wake wa Kisamo hajambo, na Perpetue akiwa karibu hunipokonya simu, wakachambana robo saa nzima hadi salio la mzee likaisha. Baada ya Novemba nikawa namwambia yuko darasani. Jumapili, darasani! Mzee alikuwa akisema, "Haya, basi," na kugeukia habari za mvua.

Alifariki mwezi wa Mei, siku ya Jumatatu. Alikaa chini kuvua viatu baada ya kazi za asubuhi, hakuvivua. Kaka yangu alinipigia saa tano, na kabla ya alasiri wakawa wamemzika. Hata ningepata ndege siku hiyo hiyo ningekuta udongo.

Wenzangu wa darasani walinifanyia wema, siwezi kusema uongo. Walinikumbatia. Clémence alileta supu kwenye chupa na kuniambia nijipe muda. Muda nilikuwa nao. Nilichokosa ni machozi. Siku nne nilikaa hosteli macho makavu, tasnifu imesimama ukurasa wa arobaini na mbili. Nikijaribu kuswali nasahau niko rakaa ya ngapi. Niliogopa kwamba baba yangu atapita hivi hivi, bila mtoto wake kumlilia.

Siku ya nne kaka alipiga tena kunisimulia matanga. Wasamo wa jirani walikuja, akasema. Mmoja alivaa kofia ya baba na kujilaza kitandani kwake, akidai hajafa, amechoka tu kulisha Wamosi wavivu. Wengine walikalia kaburi, wakakataa kuondoka hadi wapewe jogoo. Watu walicheka mpaka wakalia.

"Na mimi hapo ndipo nilipolia," kaka akasema. "Wewe huko una Msamo?"

Nikamwambia ninaye.

Kesho yake, Ijumaa, nilishuka mtaa wa Guillotière nikanunua kola, zile kokwa chungu ambazo kwetu hupelekewa mtu unayemwomba jambo, kisha nikaenda hadi mlangoni kwa Perpetue. Alifungua mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni mitihani. Nilimnyooshea kola kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Pole sana, Bwana Sawadogo. Mungu amrehemu."

"Perpetue, nimekuja kukuita msibani."

"Mimi nimeshalia. Jumapili mzee alinipigia, nusu saa ananitukana. Ukoo wangu wote hakubakisha mtu. Kesho yake nikasikia amekufa."

Nikamuuliza alikuwa akimpigia tangu lini.

"Hakuwahi kuacha. Namba yangu anayo tangu mwaka wa kwanza. Wewe ulidhani mzee anaamini kuna darasa Jumapili?"

Nikauliza kama mzee alijua habari ya ile karatasi.

"Nilimwambia siku ile ile, na nilikuwa nalia kwa hasira. Akaniambia, 'Mwanangu ameona haya ugenini. Haya ya ugenini ni homa, humtoka mtu. Usimkatie tamaa.' Akanikataza nisikwambie, asije akakuongezea aibu." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sijakukatia tamaa. Lakini nimetia sahihi. Siwezi kukutukana, na mimi bila matusi kwenye msiba wako ni mgeni tu. Ulinikana mbele ya watu, Nobila. Sasa unaniita huku kwenye korido."

Akaniaga vizuri na kufunga mlango. Niliteremka ngazi na kola zangu mkononi, nikijua ninachotakiwa kufanya na nikiogopa kukifanya.

Jumatatu, saa saba mchana, kantini imejaa. Perpetue alikuwa meza ya dirishani na wenzake wa ufamasia. Mimi nilikuwa na Clémence. Nilisimama kati ya meza, nikaiweka trei chini. Nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kufika jikoni:

"Wewe Msamo. Bwana wako ana wiki nzima kaburini, na wewe mtumwa umekaa hapa unakula viazi?"

Uma zote zilisimama. Kuna kijana alianza kunyanyuka kunikabili. Perpetue alijifuta mdomo polepole, akakunja kitambaa.

"Unaniambia mimi?"

"Kuna mtumwa mwingine humu?"

Akaja. Alinivua koti, akalivaa, akapinda mgongo, mkono mmoja kiunoni, na mbele yangu akasimama mchimba visima wa Yako anayetoka shimoni. Alinitazama juu hadi chini. Kisha akajilaza sakafuni kati ya meza, akanyoosha miguu, akafumba macho, na kusema kwa Kimosi chake kibovu, kwa sauti ya baba ile ile ya Jumapili:

"Nobila, mbona umesimama? Chimba. Miaka mitano unasomea mashimo, la baba yako limekushinda? Au nimngoje Msamo aje akuonyeshe jembe linashikwa wapi?"

Kicheko kilinitoka, kibaya, kama cha mtu aliyepaliwa. Na nyuma yake yakaja machozi. Nilipiga magoti nikalia kwa sauti, kama wanavyolia watu kwetu, nikamlilia baba yangu, nikalia pia kwa ajili ya Jumapili zote nilizomdanganya naye akanistahi. Perpetue hakufumbua macho, lakini machozi yalikuwa yakimteremkia masikioni, huku akiendelea kunitukana.

Clémence alikuwa amesimama juu yetu, amepauka, simu mkononi. Aliniuliza kama amwite mtu.

"Usimwite mtu," nikamwambia. "Huyu ni mtani wangu. Mimi ndiye niliyesema uongo kule ofisini. Ananizikia baba."

Alitazama watu waliotuzunguka, akatazama simu, akaiweka mfukoni. Kisha akaketi sakafuni pamoja nasi, na sketi yake nyeupe, akauliza kwa sauti ndogo baba yangu alikuwa anaitwa nani.