Magodoro ya Sista Bernadine

Ndege ilikuwa imeshaacha ardhi na magurudumu yanajikunja tumboni, ndipo Royce Haverkamp alipogeuka kutoka kwenye usukani akauliza kama kuna mtu aliyefunga mlango wa mizigo.

"Mimi nimeubamiza," nikamwambia.

"Kuubamiza siyo kuufunga, mzee."

"Basi tutajua tukifika."

Marlys Kolterman hakucheka. Alikuwa ameupakata mkoba wake, anatazama vilima vya mchanga vikipungua chini yetu. Yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Harlow Creek, huku kwetu magharibi mwa Nebraska. Mimi nilikuwa dereva wake wa lori la vifaa: helmeti, mapipa ya maji, ngoma za bendi. Kabla ya hapo nilichomelea mabomba ya mafuta Wyoming, nikaendesha bembea za maonyesho Iowa, nikasoma darasani mara mbili tatu kila baridi iliponikamata mjini. Royce alikuwa mfugaji, na ndiye mfadhili mkubwa wa timu yetu ya mpira, huu wetu wa kuukumbatia na kukimbia nao. Ndege ilikuwa yake. Namba iliyoandikwa ubavuni mwake watu wa Harlow Creek waliijua kuliko namba za simu za wake zao, na hilo ndilo lililotuponza. Au lililotuokoa, sijui.

Hali ilikuwa hivi. Ligi yetu, Ligi ya Nyanda, ilikuwa inakata roho. Vyuo vitatu vilishahama kufuata pesa za televisheni, vingine vilikuwa vimefunga mizigo vinasubiri kuitwa. Bodi ya chuo ilimwambia Marlys neno moja: tafuta ligi ya kutupokea kabla ya kikao cha Ijumaa, la sivyo tunashuka daraja na tunafuta michezo, tunabakiza mitano tu. Wa kwanza kufutwa ulikuwa mieleka ya wasichana. Timu hiyo Marlys aliianzisha mwenyewe, kwa mabinti wa mashambani waliozoea kuangusha ndama. Majira yote ya baridi alipiga simu Ligi ya Kati, ile kubwa yenye ofisi Kansas City. Hakuna aliyemrudishia simu.

Sasa tulikuwa tunaruka kwenda kununua magodoro ya mieleka. Chuo kimoja kidogo cha masista, nje ya Kansas City, kilikuwa kimefungwa na kinauza vitu vyake.

"Bosi," nikamwambia, "Ijumaa wanaifuta timu. Magodoro ya nini?"

"Ni vigumu zaidi kufuta timu yenye magodoro," akasema.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukodi lori kule na kuyarudisha nyumbani.

Tulipokaribia, Royce alianza kuzunguka. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kulikuwa na mtu na trekta anafyeka majani katikati ya kiwanja cha ndege, amevaa vizibo masikioni, hana habari na dunia.

"Mpigie honi," nikasema.

"Ndege haina honi, mzee."

"Na bei yote ile!"

Tulipotua, simu yangu ikaanza kutetemeka kama kuku aliyeloa. Alikuwa Duane Sitzman, kinyozi wetu. Nifafanue kidogo. Huku kwetu, msimu wa vyuo kuhama ligi ukifika, hakuna anayesoma gazeti. Watu wanatazama ndege za matajiri. Kila ndege inaonekana kwenye kompyuta: imetoka wapi, iko wapi, inaelekea wapi. Duane alikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta pale kinyozini, na wanaume walikuwa wanakwenda kunyolewa nywele ambazo hazijaota ili mradi wakitazame.

"Mko Kansas City!" akapiga kelele. "Nilijua! Nimewaambia! Mmezunguka mara tatu kwa nini? Mlikuwa mnasubiri wakuu wa vyuo wakubaliane, eh?"

"Tulikuwa tunasubiri mtu amalize kufyeka majani."

Nikasikia chumba kizima cha kinyozi kinaangua kicheko.

"Sawa, mzee," Duane akasema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. "Nimekuelewa. Sisemi kwa mtu."

Alisema kwa kila mtu. Kabla hatujapata gari la kukodi, ilikuwa imeshajulikana Omaha, Denver na kote ambako mpira unachezwa kwamba Harlow Creek iko Kansas City.

Tukaingia kula. Huwezi kupita mji ule bila kula mbavu za nguruwe, hata kama umejaa matatizo. Siku hiyo nilikuwa nimevaa koti la suti nililonunua mnada wa kanisa, la rangi ya makaa, kwa sababu Marlys aliniambia tunakwenda kwa masista, nijiheshimu. Msichana wa meza ya pili akatupiga picha. Nilidhani amependa koti.

Zilipofika mezani mbavu zetu za pili, Duane akapiga tena.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Duane, umenywa?"

"Picha yako imeenea nchi nzima. Wanasema wewe ni mwanasheria wa televisheni wa Ligi ya Ghuba, ile tajiri ya kusini. Yule anayevunja ligi za watu. Wanasema hajawahi kupigwa picha, ndiyo maana hakuna anayemjua sura."

"Mimi ndiye ninayeendesha lori la ngoma!"

"Sisi tunajua. Lakini wao hawajui. Tuwaambie?"

"Waambie!"

"Tumeshawaambia. Wanasema sisi wa kinyozini tumelipwa."

Royce alicheka mpaka mchuzi ukamwingia puani. Marlys alikuwa amesimamisha mfupa hewani. Simu yake ndiyo iliyokuwa inalia sasa. Akaiweka mezani, sauti nje, ili tusikie sote.

"Mama Kolterman!" Alikuwa Seneta Wendell Prusa, anayeishika mkononi bajeti ya vyuo kule bungeni kwetu Lincoln. "Nasikia unauza chuo chako nyuma ya mgongo wangu."

"Seneta, nimekuja kununua magodoro."

"Usiniletee habari za magodoro! Unajua nimesoma wapi? Stapleford. Mkihama bila Stapleford, bajeti yako nitaikalia mpaka iote ukungu."

Stapleford ni jirani zetu na adui zetu. Sisi tunaitwa Korongo, wao Nungunungu. Tumekuwa tukipigana nao kila vuli tangu wakati wa mababu, na mshindi anachukua koleo la samadi lililopakwa rangi ya dhahabu.

"Seneta, hakuna anayehama. Ni magodoro ya mieleka. Ya mtumba."

"Wewe mwanamke ni hodari," seneta akasema kwa heshima kabisa. "Stapleford. Kumbuka." Akakata.

Marlys akatutazama. Shavu lake lilikuwa na mchuzi, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi niliona meno yake.

"Nimemwambia ukweli," akasema.

"Mara mbili," nikasema.

"Kila neno."

"Ndiyo ubaya wake," Royce akasema huku akijifuta. "Kwenye kazi hii ukweli ndio hawajawahi kuusikia. Wataujuaje?"

Tukaenda kwa masista. Sista Bernadine alikuwa mfupi, amejaa, mikono kama ya mkamua ng'ombe, na alituongoza ukumbini huku akituuliza kama tumelipa maegesho. Magodoro yalikuwa ya buluu, mazuri, na katikati ya kila moja kulikuwa na msalaba mkubwa wa manjano.

"Huo msalaba unatoka?" Marlys akauliza.

"Binti yangu, huo hautoki," Sista akasema. "Mtakaoanguka mtaanguka juu yake."

Tulikuwa tumeshaanza kuyakunja, mimi nimevua koti na kulitundika kwenye nguzo, pale mlango ulipofunguka akaingia mwanamume mrefu mwenye nywele zilizochanwa kwa maji. Nilimjua kutoka kwenye televisheni. Thaddeus Brannock, kamishna wa Ligi ya Kati. Yule asiyepiga simu. Kumbe alikuwa ametufuata kutoka kwenye zile mbavu.

Akatazama godoro. Akamtazama Sista. Akanitazama mimi, magoti chini, jasho linatiririka. Halafu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri.

"Dada Marlys," akasema, "mmeleta mpaka magodoro."

"Tumeyakuta hapa."

"Na mtawa!"

"Mimi naishi hapa," Sista Bernadine akasema.

Brannock akacheka, akampigia makofi. "Mwaka juzi kuna mtu aliniambia amekwenda kumzika shangazi. Siku mbili baadaye akaondoka na vyuo vyangu vinne. Shangazi mwenyewe yu hai, anacheza bingo Tulsa. Lakini hii yenu! Hii imefanyiwa kazi." Akanigeukia, akanipa mkono. "Bwana, mimi na wewe tusidanganyane. Ghuba wanawapa nini hawa?"

"Mimi ni dereva wa lori," nikasema.

"Bila shaka," akasema, na akanibana mkono kwa nguvu zaidi.

Moyo uliniuma kidogo. Nikamvuta Marlys pembeni, nyuma ya rundo la mipira ya kikapu iliyokufa pumzi.

"Bosi, mwambie. Huyu mtu atajitia kitanzi."

"Mzee Orrin, mwambie wewe. Mimi nimeshachoka."

Basi nikarudi nikamwambia Brannock yote, toka mlango wa mizigo mpaka yule mfyeka majani. Alinisikiliza amefumba macho kama anayesikiliza kinanda. Nilipomaliza akasema, "Sehemu ya trekta ni nzuri sana," kisha akaketi juu ya godoro na viatu vyake vya bei, akaanza kutoa siri zake yeye.

Kumbe walikuwa wanatuhitaji. Si mpira wetu, Mungu anajua. Walihitaji saa yetu. Huku kwetu magharibi saa iko nyuma kwa saa moja kuliko kwao, na televisheni ilikuwa imewalipa kwa ahadi ya mechi kila Jumamosi usiku, wakati mashariki wameshamaliza kucheza na wenye kiu ya mpira bado wako macho. Vyuo vyao vyote vilikataa kuanza mechi saa tano usiku ya kwao, ambayo kwetu ni saa nne. Wazazi, baridi, wachezaji kulala mitihanini. Kama asipopata mtu, televisheni ingedai pesa yake irudi. Alikuwa anasitasita kutuita ili tusijue bei yetu. Sasa alidhani Ghuba wameshaigundua.

"Mtacheza saa nne usiku?" akauliza.

"Mwezi wa kumi na moja?" Marlys akauliza. "Nyuzi chini ya sifuri?"

"Tutawapa nusu ya fungu la televisheni. Fungu zima baada ya miaka sita."

Royce akafungua kinywa. Marlys akamkanyaga mguu.

"Nataka mambo mawili," akasema. "Mieleka ya wasichana iwe mchezo wa ligi. Iandikwe, isifutwe na bodi ya chuo chochote, kwangu wala kwako."

Brannock akamtazama, akatazama godoro alilokalia, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza siku ile akili yake imegusana na jambo la kweli. Lilimpita.

"Sawa," akasema. "La pili?"

"Stapleford waje pia. Nao wana saa yetu. Tutapokezana, Jumamosi hii sisi, ile wao, vinginevyo tutakufa kwa mafua."

"Prusa amekupigia."

"Ameniita hodari."

Brannock akalala chali kwenye msalaba wa manjano, mikono imetanuka, anatazama dari, anahesabu kimoyomoyo. Sista Bernadine akasogea akamsimamia kichwani.

"Bwana, unanunua hilo godoro? Maana hawa wamelishika kwanza."

"Sista," akasema bila kuinuka, "nitawalipia yote."

Hivyo ndivyo magodoro yalivyopatikana bure. Niliyapakia mwenyewe. Nilipokuwa nafunga turubai, Brannock alikuja akasimama kando yangu, akatazama lori, mikanda, glavu zangu.

"Kumbe kweli unajua kufunga mzigo," akasema.

"Kweli."

Akafikiri kidogo. Uso wake ukabadilika rangi, ukawa kama maziwa, halafu ukarudi.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nimewaambia wote," nikasema. "Wewe wa mwisho."

Nikaendesha njia nzima nikiimba. Kila kituo cha mafuta nilichosimama, mtu mmoja alinitazama koti akanong'ona na mwenzake. Nilipoingia Harlow Creek bendi ilikuwa barabarani, na Duane amesimama juu ya kiti chake cha kinyozi walichokitoa nje, ana mkasi mkononi, analia.

Ijumaa bodi ilipiga kura kuhamia Ligi ya Kati. Mjumbe mmoja tu alikataa, akisema saa nne usiku yeye huwa amelala.

Ligi ya Nyanda ilivunjwa mwaka uliofuata. Kombe lake liko kwenye ghala la mahindi la mtu karibu na Ogallala. Brannock aliondolewa baada ya misimu miwili, anauza boti ziwani Missouri. Seneta Prusa alishindwa uchaguzi. Stapleford wamechukua koleo la samadi mara tano tangu wakati huo, sisi mara tatu. Royce aliuza ndege, kwa sababu hakuweza tena kwenda kununua fahali bila watu kujaa uwanjani. Duane bado ananyoa. Sista Bernadine alifariki akiwa amelala, wasichana sita wa mieleka walibeba jeneza. Fungu zima halijafika, ligi inasema mwakani. Marlys alistaafu kwa sababu ya mapafu. Mechi za usiku zilimharibia kifua. Timu yake ya wasichana ipo, mwaka jana ilikuwa ya pili. Magodoro ni yale yale na msalaba haujatoka. Mimi niliondoka msimu wa tatu, niko Montana, naendesha lori la nyuki. Koti nilimpa Duane.