Nusu ya Jiwe Iliyozama

Mimi nikikwambia fulani ni ndugu yako, ni ndugu yako, utake usitake. Nusu ya kijiji hiki nimewatafutia mababu zao mpaka Ufaransa, na bado hajatokea wa kunisuta. Ndiyo maana Anselme Sanschagrin alikuja jikoni kwangu mwezi wa kumi, akakaa bila hata kuvua kofia.

"Ghislaine, daktari kanipa mpaka Krismasi," alisema. "Nataka kulala kando ya Bérengère wangu. Hormisdas hataki."

Bérengère, mkewe, amezikwa kwao, kwenye sehemu ya makaburi ya ukoo wa Rivetin. Hormisdas ni kaka yake, mkubwa wa ukoo, na ukaidi anao wa kugawia jirani. Nilipandwa na hasira papo hapo.

"Kunywa supu yako," nikamwambia. "Huyo niachie mimi."

"Basi fanya haraka. Ardhi ikishaganda wataniweka kwenye ghala la maiti mpaka barafu iyeyuke, na mimi baridi siiwezi."

Mtu anakufa na bado anatania! Nilicheka huku machozi yakinilenga.

Kesho yake nikachukua koleo, mimi na Anselme tukaenda makaburini. Hormisdas, niliyemwita kwa simu, alikuwa keshafika, mikono kiunoni.

"Hapa wanalala akina Rivetin tu," alisema. "Soma jiwe la dada yangu: Bérengère Rivetin. Angekuwa wako, shemeji, si angeandikwa jina lako?"

"Tangu lini?" nikamrukia. "Mama yako kaandikwa jina la nani? La baba yake! Mwanamke wa hapa huingia kaburini na jina alilozaliwa nalo, na bado analala na mumewe. Usinitie wazimu!"

"Mama alizaa akina Rivetin. Huyu kazaa nini?"

Anselme na Bérengère hawakujaliwa mtoto. Anselme aliinamisha kichwa, na mimi nusura nimzabe Hormisdas kofi, na uzee wangu huu. Badala yake nikamtupia koleo. Nikamwonyesha jiwe kongwe kuliko yote, la babu yao wa kwanza, ambalo limekuwa likizama mpaka linasomeka mstari mmoja tu: Rivetin.

"Chimba chini ya jina."

"Nimfukue babu?"

"Chimba, wewe!"

Alichimba huku akinung'unika. Udongo ulipoondoka, mstari wa pili ukatokea: *aitwaye Sanschagrin*.

"Babu yenu alikuja na jeshi la mfalme wa Ufaransa," nikasema, "na huko kila askari alipewa jina la kambini. Mwanawe mmoja akashika Rivetin, mwingine akashika lile la kambini. Tumbo moja, majina mawili. Koo ngapi hapa ziko hivyo? Ila ninyi mmesoma nusu ya jiwe miaka yote, mkaanza kubaguana."

"Kwa hiyo shemeji yangu..."

"Damu yako. Alioa binamu wa mbali, kama sisi wote."

Hormisdas alipiga magoti, akayapangusa yale maandishi kwa kidole gumba.

"Mimi sikuja kudai ukoo," Anselme akasema taratibu. "Namtaka mke wangu tu."

"Najua." Hormisdas alikuwa bado kapiga magoti. "Pale kando yake nilijiwekea mimi. Ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza nikiongea. Ukilala wewe, mimi nitalala wapi?"

Kumbe! Hasira zangu zote zikayeyuka.

Anselme akamtazama, akamtazama tena, akatikisa kichwa.

"Dada yako ana pande mbili, mjinga wewe."

Anselme alifariki kabla theluji haijaanguka. Hormisdas hakukubali mchimba makaburi aguse koleo; alichimba mwenyewe, akipumzika kila mara na kuwafokea waliotaka kumsaidia. Fundi wa mawe alipouliza aandike nini, Hormisdas alinitangulia kujibu: yote mawili, Rivetin aitwaye Sanschagrin.

"Na jiwe langu siku ikifika, liwe hivyohivyo," akasema. "Yaandikwe juu kabisa, yasije yakazama."